Wale bibi wa sinagogi: ni dini, siasa au kikoba?

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Ohio, Marekani, anafanya kazi ya kulea wazee majumbani. Nimelipunguza kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Namhudumia bibi mmoja wa Kiyahudi ana miaka 88. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi nampeleka sinagogi kwenye kikundi chao cha akina mama wanakiita sistahudi. Nilidhani ni chai na nyimbo. Kumbe wanafungua kwa dua fupi, wanasomewa kumbukumbu za kikao kilichopita, wanabishana nusu saa kuhusu vibiskuti vya sikukuu, wanapanga pedi kwenye mifuko ya wasichana wa shule, halafu zinapitishwa karatasi kila mtu anasaini barua kwa wabunge wa jimbo! Bibi yangu aliwahi kuwa mweka hazina miaka kumi na moja, anaheshimika pale kuliko rabi. Sasa nieleweshe, hii ni dini, siasa au kikoba? Na hizi nguvu wamezitoa wapi wakati nasikia zamani mwanamke wa Kiyahudi alikuwa anakaa juu ghorofani asionekane? Na je mimi Mkristo wakinikaribisha niingie au nisubiri kwenye gari?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na baridi. Usisubiri kwenye gari. Hilo nitalirudia mwishoni ila kwa sasa jua tu jibu ni ingia.

Dini, siasa au kikoba, ni vyote vitatu, ila ukitaka kuelewa anza na kikoba. Mi historia ya dini nimeifundisha mpaka mvi zimeota na kila nikiulizwa hawa wanawake uongozi waliupataje, watu wanasubiri nimtaje rabi wa kwanza mwanamke. Sianzi na rabi. Naanza na huyo bibi yako, mweka hazina. Maana ukizifuatilia hizi sistahudi kwa miaka mia na ushee unakuta stori ni ileile inajirudia, akina mama wanaachiwa jiko wanaambiwa haya chai ni kazi yenu, wanachangishana senti za chai, senti zinakuwa mfuko, mfuko unataka daftari, daftari linataka katibu, kikao kinataka mwenyekiti, na mtu akishazoea kuendesha kikao na kuhesabu kura utamwambiaje tena akakae ghorofani?

Hilo la ghorofani ni kweli kabisa. Kwa Wayahudi wa Othodoksi, wale wanaoshika mapokeo ya zamani kwa ukali, mpaka leo wanawake wana upande wao, kuna pazia au kizuizi katikati au roshani kule juu, na ili sala ya jamaa itimie wanatakiwa wanaume watu wazima kumi. Mkiwa wanawake elfu moja na wanaume tisa hamjatimia. Wale wa kati wanaoitwa Wahafidhina kamati yao ya sheria iliruhusu wanawake kuhesabiwa mwaka 1973, juzi tu hapo. Wa madhehebu ya Mageuzi, ambako nahisi ndiko aliko bibi yako, walilegeza mapema zaidi, lakini hata wao kwenye bodi na mimbarini walikaa wanaume peke yao kwa muda mrefu sana.

Sasa mwanamke ambaye hahesabiwi kwenye sala alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na chakula, wagonjwa, watoto na maiti. Usiidharau hiyo orodha. Chukua hilo la maiti. Kila jamii ya Kiyahudi iliyosimama vizuri ina kikundi cha mazishi, chevra kadisha, maana yake jamaa takatifu, na mwanamke anaoshwa na wanawake wenzake kama wafanyavyo Waislamu huku pwani. Wanamwogesha, wanammwagia maji ya utakaso, wanamvika nguo nyeupe ya kitani au pamba, wanafunga kila kitu kwa mafundo mepesi, na hiyo nguo haina mfuko hata mmoja. Sisi tunasema sanda haina mfuko tukiwa tunapiga porojo, wao wanaishona hivyo makusudi. Na Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia ilikotoka: kuzika kulikuwa ghali kiasi kwamba ndugu wa marehemu walikuwa wanaitupa maiti na kukimbia, ndipo Rabani Gamalieli, mtu mkubwa kabisa, akaagiza yeye azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakafuata, tajiri na maskini wakawa wanaondoka na vazi moja. Kwa hiyo ile kazi ya kimyakimya ya akina mama chumba cha nyuma, ndani yake kuna haki tayari. Halafu fikiria, mwanamke aliyeosha maiti za mtaa mzima anajua nani kafa kwa ugonjwa wa kawaida na nani kafa kwa sababu nyumba yao haikuwa na makaa wala mkate. Mwenyekiti wa bodi hajui.

Kuna na neno nataka ulishike. Wao wanasema tzedakah, sisi tunasema sadaka. Ni ndugu wa damu hayo maneno, yetu tuliipokea kwa Waarabu na mzizi wa Kisemiti ni mmoja. Ila huko kwa Waebrania mzizi umebeba haki, tzedek. Kwa hiyo Myahudi akimpa maskini mkate, kwa lugha yake hajafanya hisani, amelipa kinachodaiwa. Ukilielewa hilo basi zile pedi na zile barua zilizokushangaza ni kazi moja: pedi ni za mwezi huu, barua ni ili mwakani mifuko ipungue. Na barua zinafanyaga kazi, hapo hapo Ohio kodi ya mauzo kwenye pedi ilifutwa kwa sheria iliyosainiwa 2019 baada ya watu wengi tu, wa dini na wasio na dini, kuwasumbua wabunge.

Sasa turudi nyuma. Kikundi kinachotajwa kama cha kwanza Marekani kiliundwa Philadelphia mwaka 1819, na jina linalokumbukwa ni Rebecca Gratz, mtoto wa familia yenye uwezo, hakuolewa, maisha yake yote alikuwa katibu wa kikundi hiki na kile. Kilikuwa kikundi cha akina mama cha kusaidia wanawake wa Kiyahudi waliofilisika na watoto wao. Kwa nini wasiende tu kwa wafadhili wengine? Kwa sababu wafadhili wengi wa wakati ule walikuwa wamisionari, unapewa supu na kijitabu cha Yesu pamoja. Rebecca na wenzake wakasema supu tutapika wenyewe. Mwaka 1838 akaanzisha shule ya Jumapili ya watoto, wavulana na wasichana, walimu wote wanawake. Ona ujanja wa hiyo kitu, hakuna aliyeomba ruhusa ya mwanamke kufundisha dini, waliomba chumba cha kukaa watoto.

Wakaja akina dada wa Kijerumani New York 1846 na umoja wao wa siri wa kike, Dada Waaminifu, mikutano inaendeshwa Kijerumani, wana taratibu zao kama zile za mafreemasoni. Nawapita haraka.

Ninayempenda mimi ni Hannah Solomon wa Chicago. Mwaka 1893 Chicago kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia na ndani yake bunge la dini zote, yeye akaombwa aandae wanawake wa Kiyahudi. Akakaa akaandika barua kwa mkono mji hadi mji akitafuta wanawake wenye la kusema. Alipowafuata viongozi wa kiume wa upande wa Kiyahudi kuuliza wanawake watapangiwa kuzungumza lini, ikaonekana walichopangiwa ni kuwa wenyeji wa shughuli tu, kukaribisha wageni na kusimamia vinywaji. Akasema basi, hatushiriki kwenu, tutafanya mkutano wetu. Wakaufanya, na siku ya mwisho ya mkutano wakaunda Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiyahudi ambalo lipo mpaka leo. Miaka michache baadaye hao hao ndio walikuwa na watu wao wanaojua Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, pale kisiwa cha Ellis, bandari ya wahamiaji, kazi yao kumpokea msichana aliyeshuka melini peke yake kabla hajapokelewa na dalali wa madanguro. Ujerumani kazi ya namna hiyo aliifanya Bertha Pappenheim, aliyeunda umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa nchi hiyo 1904, na huyo mama aliwasema hata matajiri wa Kiyahudi wenyewe kwamba biashara ya wasichana ipo ndani kwetu tuache kuificha. Hawakumpenda kwa hilo.

Na usisahau jiko. Milwaukee, kule kwenye kituo cha kuwasaidia wahamiaji, Lizzie Black Kander alikuwa anafundisha wasichana kupika, kila mara wananakili mapishi kutoka ubaoni muda unaisha. Akaomba bodi, wanaume watupu, dola 18 za kuchapa kijitabu. Wakamkatalia. Dola 18! Yeye na wenzake wakazunguka madukani kuomba matangazo, kitabu kikatoka 1901, kikauzwa miaka na miaka, na hela yake ndiyo iliyonunua kiwanja cha jengo jipya la kituo. Sijui wale wanabodi walikuwa wanakitazamaje hicho kiwanja wakipita.

Hapa sasa nisimame, kwa sababu nikiishia kwa akina Hannah utadhani hii ni stori ya akina mama wenye glavu na vikombe vya udongo mzuri. Na kweli wengi walikuwa hivyo, Wayahudi wa Kijerumani waliofika mapema wakatajirika, na walivyowapokea wenzao maskini kutoka Urusi na Poland kulikuwa na kidole juu, mnafundishwa kuoga, mnafundishwa kupika supu kana kwamba kwao hawakuwahi kupika. Wale maskini walikuwa na undugu wao wa ngazini na kwenye mabucha, hauna katiba wala daftari.

Mei 1902, mtaa wa Lower East Side, New York. Familia zimebanana vyumba viwili vitatu, baba anashona makoti, mama ana watoto wanne na zaidi na mpangaji wa ziada jikoni. Nyama ya kosher, hiyo ndio halali yao iliyochinjwa kwa masharti, ikapanda kutoka senti 12 ratili hadi senti 18. Wenye mabucha wadogo nao walilia, wakafunga kwa siku kadhaa kuwasusia mabwanyenye wa jumla, wakafungua tena bei ikiwa ileile. Ndipo Fanny Levy, mume wake mshona makoti, na Sarah Edelson aliyekuwa na kimgahawa, wakaanza kupita mlango kwa mlango, ngazi kwa ngazi, wanasema hawa wanaume wamegoma wameshindwa, sasa tugome sisi tunaonunua. Tarehe 15 asubuhi maelfu ya wanawake wapo barabarani. Anayetoka buchani na kifurushi ananyang'anywa nyama inatupwa chini, wengine waliingia ndani wakatoa mapande wakayamwagia mafuta ya taa ili yasiuzike tena. Polisi wakaja na virungu, watu zaidi ya 80 wakakamatwa na wengi wao wanawake. Mahakamani mmoja akamwambia hakimu kwa nini wanafanya fujo, kwamba wanawaona watoto wao walivyokonda na waume zao hawana nguvu za kufanya kazi.

Lakini kipande ninachokipenda ni cha Jumamosi yake. Ni Sabato, sinagogi zimejaa wanaume, Torati imefunguliwa inasomwa. Wakaingia akina mama, sio juu ghorofani, chini, wakapanda mpaka pale inaposomwa Torati wakasimamisha usomaji. Wakawaambia wanaume mbele ya kila mtu msile nyama mpaka bei ishuke na wake zenu waambieni. Kuna mwanaume akasema huu ni utovu wa adabu. Sasa sikiliza, wale mama hawakubuni kitu. Tangu zamani za Ulaya kulikuwa na desturi kwamba mtu aliyedhulumiwa anaweza kuzuia usomaji wa Torati mpaka malalamiko yake yasikilizwe. Ilikuwa desturi ya kila mnyonge, wao wakaikumbuka na kuitumia wanawake. Nikiulizwa dini au siasa huwa nawapa watu hiyo Jumamosi halafu nanyamaza, waamue wenyewe. Mgomo ukasambaa Brooklyn na Harlem na miji mingine, mwanzoni mwa Juni bei ikashuka hadi senti 14. Sio 12, lakini 14.

Na mabinti wa mitaa ile ile ndio walikuja kuwa viwandani mwaka 1909 Clara Lemlich, msichana wa miaka ishirini na kidogo, aliposimama kwenye mkutano uliojaa wanaume wanaohutubia tu akasema kwa Kiyidishi amechoka na maneno, wagome. Maelfu wakagoma, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Waitaliano washona blauzi.

Sasa tufike kwenye kikundi cha bibi yako chenyewe. Na hili ni la kwenu Ohio kabisa. Januari 1913 mjini Cincinnati vikundi vya akina mama vya masinagogi ya Mageuzi vilikutana vikaunda shirikisho moja la taifa, mwenyekiti wa kwanza Carrie Simon, mke wa rabi kutoka Washington. Ukisoma makaratasi yao ya wakati ule hukuti jina Carrie, unakuta Mrs. Abram Simon, wameolewa mpaka kwenye kumbukumbu za kikao. Sisi angalau tukikupa jina la mtu mwingine ni la mtoto wako. Mwaka mmoja kabla, 1912, Henrietta Szold na wenzake walikuwa wameanzisha Hadassah huko New York majira ya sikukuu ya Purimu, Hadassah ndilo jina la Kiebrania la malkia Esta, na 1913 wakatuma manesi wawili Yerusalemu. Na 1918 Mathilde Schechter akaunda umoja wa akina mama wa Wahafidhina. Yaani ndani ya miaka sita hivi miti yote mikubwa ilipandwa.

Shirikisho la Cincinnati lilifanya nini na pesa? Waliuza kadi za pongezi, walifungua viduka ndani ya sinagogi vya vinara vya mishumaa na vikombe vya baraka (kaangalie, nakuhakikishia hapo kwa bibi kipo kimoja karibu na mlango), waliandika vitabu vya maandishi ya vipofu kwa mkono na mwaka 1931 wakasaidia kuanzisha taasisi ya Kiyahudi ya vipofu. Na kubwa kuliko yote walilipia chuo cha marabi. Miaka ya 1920 akina mama walichangishana nchi nzima wakajenga bweni la wanafunzi pale chuoni Cincinnati. Bweni la nani? La wavulana. Hakuna binti aliyekuwa anapewa urabi. Mwaka 1921 binti mmoja chuoni hapo, Martha Neumark, aliuliza kwa nini asiwe rabi, wakajadili wee, maprofesa, marabi, kamati, mwisho bodi ikasema hapana. Na bweni likajengwa vile vile na akina mama wakashona mapazia.

Unaweza ukawacheka. Mi zamani niliwacheka, nilikuwa nasema hawa ndio wale wanaomnunulia suti mtu anayewakataza kuongea. Siku hizi nimebadilika kidogo, kwa sababu mkono mtupu haulambwi na mkono wao haukuwa mtupu. Mwaka 1933 shirikisho lilimwajiri Jane Evans kuwa mkurugenzi, akakaa pale mpaka 1976, miaka zaidi ya arobaini. Mama mpinga vita wa kweli kweli. Alikaa na wanaume kwenye kila mkutano mkubwa akiwa anawakilisha maelfu ya wanawake wenye mfuko, na kidogo kidogo akaanza kusema hili la wanawake kuwa marabi hadharani, na 1963 akina mama wenyewe kwenye mkutano wao mkuu wakalipitisha kutaka lishughulikiwe. Juni 1972, Cincinnati, Sally Priesand akawekewa mikono kuwa rabi, wa kwanza Marekani. Mzaliwa wa Cleveland, Ohio. Kwa hiyo ukipita hizo barabara na bibi jua unapita nyumbani kwa hii habari. (Duniani wa kwanza alikuwa Regina Jonas wa Berlin, mwaka 1935. Wanazi walimuua Auschwitz 1944 na jina lake likapotea mpaka makaratasi yake yalipofukuliwa kwenye nyaraka za Berlin Mashariki baada ya ukuta kuanguka. Yule Sally alitangulia kuitwa wa kwanza kwa sababu watu walimsahau dada yake.)

Kwenye mambo ya nje ya sinagogi naomba nikupe moja tu la karibu na sisi watu weusi. Kiangazi cha 1964, Mississippi inawaka, vijana wanaenda kuandikisha watu weusi wapige kura, watatu wakauawa mwezi Juni, mmoja mweusi na wawili Wayahudi kutoka New York. Dorothy Height, mama mweusi aliyeongoza Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, na rafiki yake Polly Cowan, Myahudi, wakatengeneza mpango wa Jumatano. Wanawake wachache weusi na weupe, Wakristo na Wayahudi, Jumanne wanapanda ndege hadi Jackson, Jumatano wanaenda kuona shule za uhuru na kukaa na akina mama wa huko, Alhamisi wanarudi makwao. Wamevaa glavu nyeupe na gauni la heshima, na hilo lilikuwa makusudi, polisi wa kule alikuwa hajui afanye nini na mama mwenye glavu. Kulala walilala mbali mbali weusi na weupe kwa sababu ya hatari. Glavu zile zile nilizozisema vibaya hapo juu, ona zilivyofanya kazi.

Miaka ya 1970 mabinti wa hao akina mama wakaasi. Walisema sistahudi ni keki na viduka, sisi tunataka kuhesabiwa kwenye sala na kusoma Torati. Wakaunda vikundi vidogo vya nyumbani vya mwezi mwandamo. Hii utaipenda kama umekulia pwani: kalenda yao inafuata mwezi, na siku ya mwezi mwandamo kwa mapokeo yao ni sikukuu ya wanawake, mwanamke alikuwa anaacha kufua na kushona siku hiyo. Sababu inayosimuliwa ni kwamba Haruni alipotaka dhahabu ya kutengeneza yule ndama, wanawake walikataa kutoa hereni zao, wanaume wakavua za kwao, basi Mungu akawatunuku wanawake siku hiyo. Kwa hiyo wanakutana usiku kwa mtu, kumi au kumi na mbili, wanasoma, wanaongea mambo ambayo sinagogini huongei, mimba iliyotoka, mume anayepiga, mama anayesahau majina. Usiku, sio saa nne asubuhi Jumanne. Maana hilo ndilo tatizo la kikundi cha bibi yako na nadhani umeliona kwa macho, wa chini ya miaka sitini wako wangapi pale? Kikao cha saa nne kilipangwa na wanawake wasiokuwa na ajira, wajukuu zao wako ofisini. Vikundi vingi vimeungana au vimefungwa kwa sababu hiyo tu, wala sio kwa kukosa imani.

Vipo pia vya kuvuka dini. New Jersey mwaka 2010 Sheryl Olitzky, Myahudi, na Atiya Aftab, Mwislamu, walianza kikundi cha wanawake wa dini hizo mbili, idadi sawa kwa sawa, nyumbani kwa mtu na si sinagogi wala msikiti, wakakiita cha Salaam na Shalom, kikazaa vingi miji mingine. Sitakudanganya, vita vya Gaza tangu 2023 vimevitikisa sana vikundi vya aina hiyo, kuna marafiki wa miaka hawaongei. Na huku kwetu, Uganda upande wa Mbale, Wayahudi weusi wanaoitwa Abayudaya wameanza dini hiyo tangu kiongozi wao Kakungulu alipoishika 1919, na mwaka 2004 wakulima wao pamoja na majirani Waislamu na Wakristo walianzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Kwenye jamii kubwa ya pale wanawake wanahesabiwa katika wale kumi. Mtajie bibi, atafurahi, kama hajawahi kununua hiyo kahawa kwenye kiduka chao.

Kuhusu siasa kisheria: vyama vya dini Marekani havilipi kodi na kwa hiyo havitakiwi kumpigia debe mgombea, ila kusemea jambo au muswada kwa kiasi inaruhusiwa. Ndio maana hujaona wakisema mchagueni fulani, umeona barua kuhusu sheria. Na hapo pia sio wote wanakubaliana, kwenye mambo kama utoaji mimba Wayahudi wa Mageuzi na wa Othodoksi wanaweza wasiketi meza moja. Ukisikia wanabishana kuhusu biskuti nusu saa, wakati mwingine ni kwa sababu wameshaamua wasibishane kuhusu kitu kingine. Nimekaa vikao vingi vya wanawake, naijua hiyo biskuti.

Sasa wewe na gari. Uanachama kwa kawaida unaendana na uanachama wa sinagogi kwa hiyo hawatakuandikisha, ila kukaribishwa kukaa na kupanga pedi ni kwa moyo mweupe, na hawatakubadilisha dini, Wayahudi hawatafuti waumini, hata ukitaka mwenyewe wanakuzungusha kwanza. Simama wakisimama, dua usizozijua kaa kimya. Ukisikia wanataka kuhesabu kura usinyooshe mkono hata kama bibi anakukonyeza. Muulize bibi njiani mkirudi daftari la kwanza aliloshika lilikuwa na dola ngapi na aliliacha na ngapi, wahasibu wa namna hiyo hawasahau, utapata darasa kuliko hili langu.

Na chakula. Najua utataka kwenda na sambusa. Usipeleke mpaka uulize, jikoni kwao kama wanashika kosher chakula kilichopikwa kwako hakiingii hata kama ni kitamu vipi, na nyama haikai meza moja na maziwa. Peleka matunda mazima yasiyokatwa, na kama kuna duka la Wamexico karibu yako embe ziko nzuri kuanzia mwezi wa tatu.